Mtu wa Tatu Kwenye Picha

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na ninyi wanangu mnaochora, mliopambana na foleni ya jioni mkaja kunisikiliza, nawashukuru kwa moyo wote. Niliombwa niseme neno kuhusu katuni na siasa. Nimechagua mji mmoja, London, zama moja, za Malkia Victoria, na swali moja lililowasumbua watu wa mji ule kwa miaka mingi: polisi apewe bastola au asipewe? Nimechagua huko kwa sababu ndiko kazi yetu ilikopata jina lake. Na nimechagua kwa sababu ya picha hii iliyopo ukutani nyuma yangu. Nimekaa nayo miaka mingi na haijaniacha.

Itazameni kwanza. Ni picha ya Oktoba 1881, kutoka Punch, gazeti la vichekesho na siasa la London, kazi ya mchoraji wake John Tenniel. Watu wawili wanakabiliana. Mmoja ni polisi, na alichonacho ni rungu. Mwingine ni mvunja nyumba, na alichonacho ni bastola. Kichwa chake kwa Kiswahili tungesema Pambano Lisilo Sawa. Hata asiyejua kusoma anaielewa picha hiyo kwa kuitupia jicho mara moja.

Kila ninapowaonyesha wanafunzi nawauliza, huyu polisi apewe nini? Mikono inapanda darasa zima. Bastola, mwalimu! Hata mimi siku ya kwanza nilijibu hivyo hivyo moyoni. Ni jibu la huruma, na huruma yenyewe ina haki. Wiki mbili tu kabla ya picha hiyo kutoka, usiku wa Septemba 22, konstebo Frederick Atkins alikuwa kwenye doria Kingston Hill, pembezoni mwa London. Akakutana na mtu aliyekuwa anavunja nyumba, akapigwa risasi, akafa. Muuaji hakupatikana. Kwenye lindo la usiku polisi wa London alibeba taa na rungu, basi.

Kwa hiyo Tenniel hakusema uongo. Nawaomba mlishike hilo, maana nitakayoyasema mbele yanaweza kuwafanya mdhani namwita mwongo. Alichora jambo lililotokea. Tatizo la picha hii liko kwingine, na ni tatizo ambalo sisi tunaoshika kalamu tunalirudia kila wiki.

Ngoja kwanza niwaeleze picha kama hii ilizaliwaje.

Punch lilianza mwaka 1841, gazeti la kila wiki, bei yake peni tatu. Mwaka 1843 Waingereza walikuwa wanajenga upya majengo ya Bunge yaliyoungua mwaka 1834, na wasanii wakashindanishwa kuchora picha za kupamba kuta. Rasimu zao, zilizochorwa kwenye karatasi kubwa nene, zilikuwa zikiitwa kwa neno la Kiitaliano lenye maana ya karatasi hiyo. Punch likaona fedha zinamwagwa ukutani huku watu wanalala na njaa, likatangaza kwamba na lenyewe litatoa rasimu zake. John Leech akachora maskini wenye matambara, wengine vilema, wameingizwa kwenye maonyesho kutazama picha za watu walioshiba. Tangu hapo mchoro wa siasa ukabaki na jina hilo, jina likavuka bahari, kwetu likawa katuni. Kwa hiyo kila mnapolitamka neno hili, mnawataja watu wenye njaa walioonyeshwa picha badala ya kupewa chakula. Mimi huwa nalikumbuka hilo ninapochonga penseli.

Kila Jumatano wakubwa wa Punch walikula pamoja. Sahani zikishaondolewa, ndipo walipojadiliana picha kubwa ya wiki iwe juu ya nini. Tenniel alipokea wazo lililokubaliwa mezani, akaenda nyumbani, akalichora kwa penseli juu ya kibao cha mti mgumu sana. Ijumaa kibao kikachukuliwa kwenda kwa fundi Joseph Swain, na wachongaji wakakikesha, wakiondoa kila sehemu isiyotakiwa wino. Nawaambia kitu ambacho huwa kinanigusa: Tenniel alifanya kazi hiyo miaka hamsini, akatoa katuni zaidi ya 2,000, naye alikuwa anaona kwa jicho moja. Akiwa kijana, baba yake alimjeruhi jicho kwa bahati mbaya walipokuwa wakicheza vitara. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Ukiangalia mstari wake unaona mtu asiyebabaika.

Lakini ile meza, wanangu. Waliokaa pale walikuwa wanaume wenye nyumba, wenye vijiko vya fedha kabatini na msichana wa kazi wa kufungua mlango. Mvunja nyumba alikuwa tishio lao wao. Wakifikiria polisi, walimwona mtu anayesimama kati ya dirisha lao na giza. Mtu wa London aliyekuwa anamwogopa polisi mwenyewe hakuwa na kiti Jumatano jioni.

Na watu hao walikuwepo, tena wengi. Kuwaelewa lazima turudi nyuma mpaka Agosti 16, 1819, mjini Manchester, kwenye uwanja wa St Peter's. Maelfu ya watu, wengi wao wafumaji na wake zao, walikusanyika kudai wawakilishwe bungeni. Askari wa farasi wakaingizwa kati yao na vitara mkononi. Watu kama 15 au zaidi walikufa, mamia wakajeruhiwa. Mchoraji George Cruikshank akatoa picha ya askari wa farasi wakiwashukia wanawake na watoto, na picha hiyo haikufutika vichwani mwa watu.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1829, Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, alipounda polisi wa London, jeraha lile lilikuwa bado bichi. Makamishna wake wawili wa kwanza, Charles Rowan aliyetoka jeshini na Richard Mayne aliyekuwa mwanasheria, wakajitahidi kumfanya polisi asifanane na askari wa jeshi. Jeshi lilivaa nyekundu, wao wakachagua bluu. Kichwani wakamvisha kofia ndefu ya kiraia. Rungu lilikaa ndani ya koti, lisionekane. Kuita msaada alikuwa na kidude cha mbao cha kuzungusha, kinachotoa mlio wa kukwaruza. Filimbi ilikuja baadaye, miaka ya 1880. Bastola chache zilinunuliwa, zikafungiwa.

Watu wa London wakawatazama, wakawapa majina. Moja kati ya hayo ndilo ninalolipenda kuliko yote: kambakoche mbichi. Ninyi wa pwani mtalielewa haraka. Askari wa jeshi, kwa koti lake jekundu, tayari alikuwa akiitwa kambakoche. Sasa, kambakoche wa bahari zao akiwa hai ni wa bluu. Mtie kwenye maji ya moto, anageuka mwekundu. Maana yake polisi huyu wa bluu ni askari yule yule wa Manchester, isipokuwa hajapikwa. Katika mjadala wote wa miaka sabini sijaona hoja iliyofungwa vizuri kama hiyo, na ilitungwa mtaani na watu wasiojulikana majina. Wao waliona kwamba yapo mambo yanayoweza kumgeuza mlinzi wa mtaa akawa askari wa vita. Bastola kiunoni ni moja ya moto huo.

Hofu hiyo haikuwa ya maneno tu. Mei 1833 polisi walivamia mkutano wa hadhara Cold Bath Fields, London. Kwenye vurugu konstebo Robert Culley akachomwa kisu, akafa. Baraza la raia waliokaa kuchunguza kifo chake likaamua kwamba kuuawa kwake kulikuwa na sababu ya haki, kwa kuwa watu hawakusomewa amri ya kutawanyika na polisi waliwavamia kikatili. Umati ukawashangilia wajumbe wa baraza hilo, na medali zikatengenezwa kwa heshima yao. Fikirini uzito wake. Kijana wa polisi amekufa, na mtaa unasherehekea. Siusifu ukatili huo. Nauweka mbele yenu mwone jinsi polisi wale walivyoanza: bila kupendwa, na bila silaha ya kuwalazimisha watu wawapende.

Kisha yakapita mambo ambayo vitabu huyapita haraka, nami nayapenda. Miaka ya 1840 na 1850, ukifungua Punch, polisi ni mtu wa kuchekesha. Anateremka ngazi za jikoni kumtembelea mpishi, na mpishi amemwekea nyama baridi ya kondoo iliyobaki mezani kwa tajiri. Leech na wenzake walichora mzaha huo tena na tena. Mnaweza kusema ni dharau. Mimi naona ni ushahidi kwamba katika miaka isiyozidi thelathini yule kambakoche mbichi alikuwa amekuwa mtu wa nyumbani, mwenye njaa, mwenye kuona aibu, anayependa msichana. Kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya usiku wa doria bila bunduki, na katuni zikaisaidia.

Halafu ikaja hofu. Julai 1862 mbunge mmoja, James Pilkington, alikabwa na kuporwa Pall Mall, mtaa wa vilabu vya wakubwa. Ile tunayoiita roba. Magazeti yakawaka moto, kila mwenye koti zuri akajiona anafuatwa. Punch lilitoa picha za mabwana waliovaa kola zenye miiba shingoni, likiwacheka waoga, na wakati huo huo likiwatia watu hofu ile ile iliyokuwa inaliuza. Mwaka uliofuata Bunge likarudisha viboko kwa wakabaji. Nakitaja kisa hiki kifupi kwa sababu ndipo unapoona kwa mara ya kwanza mwendo mzima: tukio la kweli, picha, hofu, sheria. Ulichukua miezi kumi na mbili tu.

Baada ya wakabaji wakaja wavunja nyumba wenye bastola, na hapa ndipo swali letu linapopata damu. Bastola zilikuwa rahisi kupatikana. Sheria ya mwaka 1870 ilidai leseni ya shilingi kumi kwa anayetembea na bunduki nje ya nyumba yake, na leseni hiyo uliinunua posta kama stempu. Oktoba 1878, eneo la Blackheath, konstebo Edward Robinson alimfukuza mwizi kwenye bustani usiku. Mwizi akamfyatulia risasi tano, moja ikapita mkononi. Robinson hakumwachia. Alipofikishwa kituoni, ikaja kujulikana baadaye kuwa ni Charles Peace, mmoja wa wahalifu waliotafutwa sana Uingereza, ambaye alinyongwa Februari 1879. Robinson akawa shujaa wa mtaa. Halafu mwaka 1881 akafa Atkins. Desemba 1, 1882, usiku wa ukungu mtaa wa Dalston, konstebo George Cole akamkamata kijana anayejaribu kuingia kwenye kanisa, akapigwa risasi, akafa. Kijana alidondosha patasi. Juu yake kulikuwa na herufi zilizokwaruzwa, ndizo zilizokuja kumtambulisha Thomas Orrock. Risasi nazo zikachimbwa kwenye mti aliokuwa anajifunzia shabaha. Alinyongwa Oktoba 1884.

Sasa polisi wenyewe wakaulizwa. Mwaka 1883, kati ya askari 6,325 wa maeneo ya pembezoni, 4,430 walisema wanataka bastola. Ni saba katika kila kumi. Hao ni watu waliotembea peke yao usiku kwenye barabara zenye miti na nyumba za mbali mbali, wakijua kilichowapata Atkins na Cole. Siwezi kuwalaumu hata mmoja wao, na atakayewalaumu kutoka kwenye kiti kama hiki nilichokalia mimi, hajawahi kulinda lindo.

Wakubwa wakasita. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa William Harcourt, na kamishna alikuwa Edmund Henderson. Mwishowe wakaruhusu kidogo: askari wa pembezoni, wa zamu ya usiku, aliyeomba mwenyewe, na ambaye mkubwa wake anathibitisha kwamba anaweza kuaminiwa na silaha. Ikae kwenye ala, aitoe kuokoa maisha yake tu. Katikati ya mji hapana. Ruhusa hiyo ilidumu mpaka mwaka 1936, na polisi wa kawaida wa London mpaka leo anatembea bila bastola.

Kwa nini wakubwa walisita, wakati picha ya Tenniel inaonekana kuwa imemaliza kesi? Turudi ukutani.

Angalieni tena. Hesabuni watu. Wawili. Mchoraji ametupa pambano, na kwenye pambano hakuna haja ya kuuliza chochote zaidi ya nani ana silaha kubwa. Mwizi tumekwisha kumjua kuwa ni mwizi, kwa uso wake na mavazi yake. Tenniel ametufanyia upelelezi, ametufanyia mashitaka, ametufanyia hukumu, yote kwa mistari michache. Barabara ya kweli haiko hivyo. Kwenye barabara ya kweli, saa saba usiku, polisi anaona kivuli. Anaweza kuwa mwizi. Anaweza pia kuwa mwokaji mikate anayewahi kazini, mlevi aliyepotea, baba anayemfuata mkunga. Huyo ndiye mtu wa tatu, na hayupo kwenye picha. Mjadala wote wa kumpa polisi bastola ulikuwa unamhusu yeye. Mwizi alikuwa sehemu rahisi ya swali.

Mtu wa tatu simtungi. Mmoja wao alikuwa na jina, na jina lake liko kwenye kumbukumbu za mahakama. Agosti 1876, miaka mitano kabla ya picha hii, konstebo Nicholas Cock alipigwa risasi usiku huko Whalley Range, Manchester, akafa. Wenzake wakawa na uhakika papo hapo kwamba waliomuua ni ndugu wa familia ya Habron, vibarua kutoka Ireland, ambao walikuwa na ugomvi naye. Wakawafuata usiku ule ule walikolala, wakawakamata. William Habron, kijana mdogo, akahukumiwa kunyongwa. Akasamehewa kunyongwa kwa sababu ya umri wake, akapelekwa kwenye kifungo cha maisha na kazi ngumu. Muuaji wa kweli alikuwa Charles Peace, yule yule wa Blackheath. Alikiri mwaka 1879 akisubiri kitanzi, na akasema kwamba alikuwepo mahakamani siku Habron alipohukumiwa. Kijana akaachiwa, akapewa pauni 800.

Nawaomba mkae na usiku ule kidogo. Mwenzao amekufa. Wamejaa hasira na majonzi, tena majonzi ya haki. Wanagonga mlango wa vibarua wa Kiairishi gizani, na kila mmoja wao anajua, anajua kabisa, kwamba nyuma ya mlango yuko muuaji. Mikononi wana marungu. William Habron akafikishwa mahakamani akiwa hai, na kwa kuwa alikuwa hai, kosa lile likaweza kurekebishwa miaka miwili na nusu baadaye. Mimi nikitazama Pambano Lisilo Sawa, namwona Habron amesimama nje tu ya fremu.

Nimesema alitoka Ireland, na sasa lazima niwaonyeshe upande wa pili wa kalamu ya Tenniel, upande unaoniumiza. Ireland ilikuwa chini ya ufalme ule ule, malkia yule yule, Bunge lile lile. Lakini polisi wa Ireland walikuwa na bunduki. Walikaa kambini, walicheza gwaride, hawakupangiwa kazi kwenye wilaya walikozaliwa. Kuhusu hao, meza ya Jumatano haikuwa na swali. Kwa nini? Tazameni picha ya Desemba 28, 1867. Siku kumi na tano kabla, wanaharakati wa Kiairishi walilipua ukuta wa gereza la Clerkenwell, London, wakijaribu kumtorosha mwenzao, na mlipuko ukaua watu 12 waliokuwa wanaishi jirani. Jambo baya, la kulaaniwa. Tenniel akamchora Mwairishi akiwa amekaa juu ya pipa la baruti, kijinga cha moto mkononi, watoto wamemzunguka. Na uso wake? Uso wa nyani. Hiyo haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Kwa miaka mingi kila Tenniel alipohitaji Mwairishi mwenye hasira alimpa taya la nyani, paji fupi, meno nje.

Ukishamchora mtu hivyo, umelijibu swali la bunduki kabla halijaulizwa. Septemba 9, 1887, huko Mitchelstown, Ireland, polisi walifyatua risasi kwenye mkutano wa wapangaji wa mashamba, watu watatu wakafa. Miezi miwili baadaye, Novemba 13, polisi wa London wakapambana na waandamanaji Trafalgar Square. Ilikuwa siku ya ukatili, watu walipasuliwa vichwa kwa marungu, jeshi likaitwa kusimama kando, na Jumapili hiyo ikabaki na jina la Jumapili ya Damu. Polisi wa Trafalgar Square hawakumfyatulia mtu risasi. Hawakuwa na cha kufyatulia. Mwaka mmoja, ufalme mmoja, polisi wa aina mbili, na mpaka kati yao ulikuwa umechorwa na penseli muda mrefu kabla.

Mnaweza kuuliza, mwalimu, yanatuhusu nini haya ya huko? Yanatuhusu. Waingereza walipounda polisi wa makoloni, mfano wa London waliuacha kwao. Walichukua zaidi ule wa Ireland: kambi, gwaride, bunduki. Tangu mwaka 1907 maafisa waliopangiwa polisi wa makoloni walikuwa wakipelekwa Dublin, kwenye makao ya polisi wa Ireland, kujifunza kazi kabla ya kusafiri. Neno askari, kwenye lugha yetu, limebeba polisi, mwanajeshi na mlinzi wa geti kwa pamoja. Wao walikuwa na jina la kambakoche mbichi la kuwatania polisi wasije wakapikwa. Kwetu walifika wameshapikwa.

Mniruhusu nirudi kwangu. Miaka ya nyuma nikichorea gazeti, nilichora jambazi. Kulikuwa na wimbi la ujambazi, watu walikuwa wameuawa, nami nilikuwa na hasira ya kweli. Nikamchora kijana mwembamba, kofia imeshushwa, nywele za namna fulani, jezi kubwa. Siku ya tatu mama mmoja akaja kunitafuta, gazeti limekunjwa kwenye mkoba. Hakufoka. Alilifungua, akaniambia, "Mwalimu, huyu ni mwanangu." Nikamwambia mama, simjui mwanao. Akasema, "Najua humjui. Ndiyo maana nimekuja." Kijana wake alikuwa fundi baiskeli, anafunga kazi usiku. Tangu siku hiyo, kabla sijamaliza picha yoyote yenye mwenye silaha, nauliza ni nani nimemwacha nje ya fremu. Namtafuta hasa. Wakati mwingine namwongeza, wakati mwingine navunja picha yote nianze upya.

Na Tenniel mwenyewe alionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1888, wanawake walipokuwa wanauawa Whitechapel, eneo la maskini la London, na muuaji haonekani, alianza na picha rahisi: Septemba 22 akamchora polisi amefungwa kitambaa machoni, wahalifu wanamzunguka na kumchezea. Lawama kwa polisi, basi. Wiki moja baadaye, Septemba 29, akatoa nyingine. Hiyo haina polisi kabisa. Ni kichochoro cha mtaa wa maskini, kuta zimechakaa, na katikati kinaelea kivuli chenye macho ya kutisha, kisu mkononi, na kwenye paji la uso kimeandikwa uhalifu. Aliita mzuka huo kisasi cha kutelekezwa. Yaani mji umewatelekeza watu hawa kwenye uchafu na giza, na sasa kilichozaliwa humo kimesimama. Sikubaliani na kila kitu ndani yake, maana mzuka nao unaweza kuwafanya maskini waogopwe. Lakini siku hiyo jicho lake moja lilitazama nyuma ya mtu mwenye kisu, likaona mtaa. Ni kazi kubwa. Ningeitundika sebuleni kwangu.

Nimalizie na kazi ya nyumbani. Baada ya kifo cha Atkins, cha Cole, baada ya kura zile 4,430, baada ya ruhusa ile yenye masharti, bastola za pembezoni zikaanza kutembea usiku kwenye ala zake. Kisa cha kwanza kilichoandikwa cha polisi wa London kufyatua bastola hiyo ni cha Februari 18, 1887. Konstebo Henry Owen aliona jengo linaungua, na ndani mna watu. Akaita, hawakusikia. Ndipo alipoitoa bastola akaifyatua, ili waamke.

Nataka mnichoree hiyo. Karatasi moja, wino mweusi, wiki ijayo siku kama ya leo. Moshi mtajua wenyewe jinsi ya kuufanya. Konstebo mwekeni mdogo, chini pembeni. Nafasi kubwa iliyobaki nataka muijaze madirisha, na kwenye kila dirisha mtu aliyeamka.